Kusoma ni Kufuta

Zamani kompyuta haikuweza kukumbuka jambo bila kulisahau papo hapo. Sisemi kwa mafumbo. Kwa takriban miaka ishirini, tangu katikati ya miaka ya 1950, kumbukumbu ya mashine hizo ilikuwa wavu wa nyaya zilizotungwa vipete vya sumaku, na kipete kilipoulizwa kimebeba nini, kilijibu kisha kikabaki kitupu. Mafundi waliijua ila hiyo mapema. Hawakuiondoa, kwa kuwa haikuondoleka. Waliizungushia werevu mpaka mwenye kuitumia mashine asiione kabisa, na werevu huo ndio ninaotaka kuusifu, nikiwa Msambweni, Kwale, ambako hakuna aliyenituma.

Tuanze na kipete chenyewe. Ni kauri: oksidi ya chuma iliyochanganywa na madini mengine kama manganizi na magnesi, ikashindiliwa kwenye kalibu, ikachomwa tanuruni. Vya mwanzo vilikuwa na upana wa milimita mbili hivi. Vya mwisho vilikaribia nusu milimita au chini yake. Vimwage mezani, piga chafya, huvioni tena. Sumaku ya kipete huzunguka upande mmoja au wa pili, na upande huo ndio moja au sifuri. Ukishaigeuza hukaa hivyo hivyo, umeme uwepo usiwepo. Tena haigeuki kwa mkondo wowote ule: kuna kiasi maalumu, na chini ya kiasi hicho haishtuki.

Hapo ndipo penye utamu. Nyaya za mlalo na za wima hupishana, na katika kila makutano pana kipete. Pitisha nusu ya mkondo unaohitajika kwenye waya mmoja wa mlalo, na nusu nyingine kwenye waya mmoja wa wima. Vipete vyote vilivyo juu ya nyaya hizo mbili hupata nusu, navyo havijali. Kimoja tu, kile cha makutanoni, hupata mkondo kamili kikageuka. Kwa nyaya 64 za huku na 64 za kule unavifikia vipete 4,096, kimoja kimoja. Jay Forrester wa MIT, Marekani, ndiye aliyeusimamisha mpango huo, na mwaka 1953 wavu wa namna hiyo ukaanza kazi ndani ya kompyuta iliyoitwa Whirlwind.

Ila kumbuka: kukijua kipete kimebeba nini, lazima ukisukume kiende kwenye sifuri. Kikiwa na moja, kitageuka, na katika kugeuka kwake kitatoa mshtuko mdogo wa umeme kwenye waya wa tatu unaopita katika vipete vyote. Kikiwa na sifuri tayari, kimya. Umeshapata jibu, lakini kipete sasa ni sifuri kwa vyovyote vile. An Wang, mzaliwa wa Shanghai aliyekuwa Chuo Kikuu cha Harvard, alisumbuliwa na jambo hilo mpaka akaona kwamba si neno: ukishasoma, jibu unalo mkononi, basi liandike tena palepale. Aliomba hataza mwaka 1949, na baadaye IBM ikainunua kwa dola 500,000. Wapo watakaosema huo si uvumbuzi, ni akili ya kawaida tu. Mimi naona ndiyo sehemu bora ya hadithi yote. Wenzake walikuwa wakitafuta kumbukumbu isiyofutika kwa kusomwa. Yeye akakubali ifutike, akaweka urudishaji ndani ya usomaji wenyewe. Tangu hapo kila usomaji ukawa na nusu mbili, ya kufuta na ya kurudisha. Katika kompyuta ya PDP-8 ya mwaka 1965, nusu zote mbili zilikwisha kwa mikrosekunde 1.5, yaani zaidi ya mara laki sita kwa sekunde.

Na nani alizitunga nyaya hizo? PDP-8 yenye maneno 4,096 ya biti 12 ilihitaji vipete 49,152, na kila kimoja kilipitiwa na nyaya nne. Zilikuwapo mashine za kusaidia. IBM ilitengeneza za kutikisa vipete mpaka vikae kwenye vitundu vyake, na sindano zenye uwazi wa kupitishia waya. Hata hivyo, iligundua kwamba mikono ya mafundi wa Japani, na baadaye ya sehemu nyingine za Asia, ilifanya kazi hiyo kwa gharama ndogo kuliko mashine zake. Wengi wao walikuwa wanawake, na sijaona majina yao katika vitabu vinavyomtaja Forrester na Wang. Huko Waltham, Massachusetts, katika kiwanda cha Raytheon, wanawake walisuka kumbukumbu ya kompyuta iliyowapeleka watu mwezini Julai 1969. Hiyo ilikuwa ya aina nyingine: waya ukipita ndani ya kipete ni moja, ukipita kando ni sifuri, na ukishasukwa haubadiliki. Maneno 36,864 ya programu yalisukwa hivyo. Wahandisi waliiita kumbukumbu ya bibi vikongwe. Ni mzaha wenye dharau ndani yake, ingawa wenyewe walijua kwamba kosa moja la bibi kikongwe lingekuwa kosa la chombo angani.

Ninacho kipande kimoja cha wavu wa vipete, na niliwahi kumpelekea shangazi yangu pamoja na kioo cha kukuzia. Shangazi husuka ukili wa miyaa, huushona mikeka, na mimi nilikuwa na hotuba yangu tayari kuhusu mkeka na kompyuta. Hakunipa nafasi.

“Huu si mkeka,” alisema. “Mkeka miyaa inashikana yenyewe kwa yenyewe. Hizi ni shanga, zinashikwa na uzi. Na aliyekosea katikati alifanyaje?”

Nilimweleza kwamba kila wavu ulipimwa kabla ya kutoka kiwandani, na kipete kibovu kilivunjwa kwa koleo, nyaya zake zikafumuliwa, zikatungwa upya zikiwa na kipete kizima.

“Zote?”

“Zote zinazopita pale, shangazi.”

Alirudisha kioo. “Basi walilipwa kidogo,” akasema, bila kuuliza walilipwa ngapi.

Hapa Kwale tuna mchanga mweusi ambao mtu anaweza kuuhusisha haraka na vipete hivi. Kuanzia mwishoni mwa 2013 hadi Desemba 2024, ulichimbwa maeneo ya Maumba na Nguluku, ukatenganishwa kwa sumaku na kwa umeme: ilmenaiti huvutwa na sumaku, rutaili haivutwi, zirkoni haivutwi wala haipitishi umeme. Kisha ukapelekwa Likoni kupakiwa melini. Nimesikia kijana wa Ukunda akiwaambia wageni kwamba kompyuta zinatengenezwa kwa mchanga wetu. La hasha. Ilmenaiti huenda zaidi kuwa rangi nyeupe ya kupaka kuta. Lakini kanuni ya kule mgodini, kwamba chembe mbili zinazofanana machoni hutofautiana mbele ya sumaku, ndiyo iliyobeba hesabu za dunia kwa miaka ishirini, na ningependa watoto wa shule zetu waionyeshwe kwa sumaku na konzi ya mchanga kabla ya kuonyeshwa kioo cha simu.

Kumbukumbu pekee haifai kitu bila njia ya kuifikia. Katika mashine kubwa, kama System/360 ambayo IBM iliitangaza tarehe 7 Aprili 1964, mitambo ya kanda, kadi na uchapaji haikuifikia kumbukumbu moja kwa moja. Kulikuwa na mitambo maalumu ya kati, kila mmoja kama kompyuta ndogo, iliyopokea amri moja kisha ikahamisha data yenyewe huku kichakataji kikiendelea na shughuli zake. Ni mpango wa kitajiri na imara, na mabenki yaliupenda. Mimi unanichosha. Moyo wangu uko kwa mashine za wastani, ambako umaskini wa vifaa uliwalazimisha watu kufikiri.

Mmoja wao, Ken Olsen, aliyeanzisha kampuni ya Digital pamoja na Harlan Anderson mwaka 1957, alipata ujuzi wake MIT, akijenga kompyuta ya kuijaribia kumbukumbu ya vipete kabla haijaingizwa Whirlwind. Kampuni yake ilikaa Maynard, ndani ya kiwanda kikuukuu cha kufuma vitambaa vya sufi. Mwaka 1970 ikatoka humo PDP-11, na ndani yake njia ya pamoja iliyoitwa Unibus: nyaya 56 zinazopita katika kila kadi ya mashine, 18 za anwani, 16 za data, zilizobaki za kupigiana hodi na kuitikiana. Kila kitu kilining'inia kwenye njia hiyo moja, kichakataji, kumbukumbu, diski na mashine ya kuchapia. Anwani 8,192 za juu kabisa ziliachiwa vifaa. Ukiandika herufi kwenye anwani 777566, haikwenda kwenye kipete chochote, ilichapwa karatasini. Mwandishi wa programu hakuhitaji amri tofauti ya kuzungumza na kila kifaa. Alihitaji kujua kinakaa wapi.

Wala njia hiyo haikuendeshwa kwa mpigo wa saa. Anayetaka kusema aliweka anwani, akasubiri kitambo nyaya zitulie, akabisha. Aliyeitwa aliitika alipokuwa tayari, mwepesi kwa wepesi wake na mzito kwa uzito wake. Mwitaji akanyamaza, naye mwitikaji akanyamaza. Kumbukumbu ya zamani na mpya ziliweza kukaa kwenye njia moja bila kuoneana haya. Asipoitika mtu kwa mikrosekunde kadhaa, kichakataji kiliacha kungoja kikatangaza kosa. Hata hivyo ilikuwa na kero zake. Ruhusa ya kuitumia njia ilipitishwa kadi kwa kadi, na tundu likiwa tupu mnyororo ulikatika, kwa hiyo ilibidi pachomekwe kijikadi kisichofanya kazi yoyote ila kupitisha ruhusa. Kilikuwa kidogo, tena kimejificha ndani, na mafundi wa Marekani walikipa jina la kuvunja vidole kwa namna kilivyowachubua walipokichomoa.

Kati ya aina za mazungumzo kwenye njia hiyo kulikuwa na moja iliyoitwa DATIP. Mara nyingi kompyuta husoma tarakimu, huiongeza moja, na kuirudisha palepale. Kwa vipete, hiyo ni kazi ya ovyo: unasoma, kumbukumbu inahangaika kurudisha tarakimu ya zamani, na kabla haijapoa unakuja kuifuta uandike mpya. DATIP iliiambia kumbukumbu: nisomee, lakini usirudishe, subiri, naleta nyingine. Basi vipete viliachwa vitupu kwa muda mfupi, kwa makubaliano, na kilichoandikwa baadaye kikajaza pengo. Udhaifu wa kipete ulikuwa umeandikwa katika adabu ya njia. Aliyebuni njia alimjua mtungaji wa wavu na tabia za wavu wake. Sijaona katika mashine za leo mahali ambapo sehemu mbili zinajuana kiasi hicho.

Na kwetu ambako umeme hukatika bila kuaga, liko jambo lingine la kustaajabia. PDP-11 ilipohisi umeme unashuka, ilikuwa na milisekunde mbili hivi. Iliacha kila ilichokuwa ikifanya, ikaziandika haraka kwenye vipete tarakimu zilizokuwa mikononi mwa kichakataji, ikazimika. Umeme uliporudi, hata baada ya siku mbili, ilizichukua ikaendelea kutoka neno lile lile. Hakuna betri wala jenereta.

Kusini mwa mpaka wetu wa Lunga Lunga vipete vilifika mapema. Mwaka 1965 Wizara ya Fedha ya Tanzania iliweka mashine ya ICT 1500, ambayo kwa kweli ilikuwa RCA 301 ya Kimarekani iliyouzwa na Waingereza kwa jina lao. Kumbukumbu yake ilikuwa ya vipete, ikihifadhi herufi kwa biti sita, na iliingizwa kwenye hesabu za serikali iliyokuwa na umri wa miaka michache tu. Mwaka 1974 serikali hiyo ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini. Katika historia za teknolojia tukio hilo husimuliwa kama kichekesho, nami silioni hivyo. Nchi ilikuwa imenunua ufundi ambao mikono iliyoutunga ilikuwa mbali, na mtu wa kukitambua kipete kibovu hakuwa wa kupatikana kwa urahisi Dar es Salaam.

Mwaka huo vipete vyenyewe vilikuwa vikielekea ukingoni. Intel ilikuwa imetoa chipu ya 1103 mwaka 1970, yenye biti 1,024 bila waya hata mmoja wa kutungwa, na bei ya kipete, ingawa ilikuwa imeshuka kutoka takriban dola moja kwa biti hadi senti moja hivi, haikuweza kushindana nayo. Lakini ila ya zamani haikufa. Simu zinazouzwa leo Ukunda zina kumbukumbu iliyotokana na wazo la Robert Dennard wa IBM, lililopata hataza mwaka 1968: transista moja na kijihazina kimoja cha chaji kwa kila biti. Ukikisoma, chaji inamwagika, na sakiti ya pembeni lazima iirudishe, kama alivyoona Wang. Tena inavuja. Kwa kawaida kila baada ya makumi machache ya milisekunde kumbukumbu nzima hupitiwa na kuandikwa upya, la sivyo husahau hata pasipo kuulizwa. Kipete hakikuwahi kuhitaji hilo.