Maneno Yanayojieleza na Kiambishi Li-

Istilahi zetu za sarufi ni nyingi, lakini zinazojieleza ni chache. Nomino ni nomino. Kitenzi nacho? Ni nomino pia, sawa na kivumishi na kielezi. Umoja hauna wingi, kwa hiyo unalistahili jina lake. Wingi nao hauna wingi, maana husemwa "wingi huu", basi umejikana. Mwaka 1908 Kurt Grelling na Leonard Nelson walikwenda mbali zaidi, wakauliza kama neno lenye maana ya "lisilojieleza" linajieleza. Likijieleza, halijielezi, lisipojieleza, linajieleza!

Darasani jambo hili si mchezo. Mwanafunzi aliyeambiwa "kitenzi ni neno la kutenda", kisha akapigia mstari neno "kitenzi" kama kitenzi cha sentensi hiyo, tusimcheke. Fasili haikumtenganishia kutaja neno na kulitumia.

Mazoea ni kutegemea alama za kunukuu, ambazo hazisikiki mwalimu anapozungumza. Kiambishi li- kinasikika. Tukisema "Mkimbizi analima", tunamzungumzia mtu. Tukisema "Mkimbizi lina silabi nne", tunazungumzia neno.

Mfano huo tumeuchagua kwa ajili ya Juru, mojawapo ya kanda za makazi ya Nakivale, wilayani Isingiro, jirani na Mbarara. Makazi hayo yalitambuliwa rasmi mwaka 1960. Mkimbizi limetokana na kimbia. Lakini aliyezaliwa pale, akalima na kulea pale, amekimbia lini? Neno linamwita kwa tendo la mzazi wake, pengine la babu yake.

Nakivale wapo Wakongo wengi, na Kiswahili cha mashariki ya Kongo mara nyingi hupunguza upatanisho: "kitabu yangu", "ile neno". Mwalimu hukata kwa wino mwekundu na kuendelea. Kwa maoni yetu huko ni kusahihisha bila kufundisha, kwani mwanafunzi anaeleweka vizuri kwao na haoni li- inamwongezea nini. Basi apewe sentensi mbili azilinganishe: "Mkimbizi hanifai" na "Mkimbizi halinifai". Ya kwanza inamkataa jirani. Ya pili inakataa jina tu, na jirani anaweza kuisema pamoja naye.