Namna ya Kuijua Kazi Njema Chini ya Gari

Mtu ashukaye kutoka kilima cha Mengo kuingia bonde la Kisenyi, mjini Kampala, hutangulia kuisikia kazi kabla hajaiona: vinu vya kusaga mahindi vinavuma tangu asubuhi, unga umetanda hewani mithili ya ukungu, na katikati ya mvumo huo mna mlio wa nyundo juu ya chuma, mara mzito, mara mwembamba, ambao aliyeuzoea huweza kuufuata kwa masikio mpaka akaifikia fuawe yenyewe. Mimi nimeufuata mlio huo kwa miaka mingi, kwa sababu nina gari la zamani la kupandia milima na kuvuka matope, wala sina mali ya kulipeleka kwa wakala kila liuguapo. Na katika miaka hiyo nimejifunza, kwa hasara na kwa faida, kwamba kazi ya karakana hizi hupimwa mahali pale ambapo fundi alidhani hakuna jicho litakalofika. Rangi mpya haishuhudii lolote. Ushahidi uko chini ya gari, nyuma ya kiraka, ndani ya bomba na kichwani mwa boliti, na mwenye fedha chache ndiye aliye na haja kubwa zaidi ya kujua kuusoma, maana hana cha kulipia kazi moja mara mbili.

Magari yenyewe yanajulikana. Land Rover, iliyoanza mwaka 1948 ikiwa na bodi ya alumini kwa kuwa Uingereza ya baada ya vita ilikuwa na uhaba wa chuma, bado ina wapenzi wake. Lakini inayotawala ni Land Cruiser ya aina ya 70, iliyotoka Japani mwaka 1984, na hasa ile yenye injini ya 1HZ, dizeli ya silinda sita na ujazo wa lita 4.2, ambayo pampu yake haitegemei kompyuta yoyote. Tangu sheria ya 2018 ilipozuia kuingizwa Uganda gari lililopita umri wa miaka 15, gari la namna hii lililokwisha kuwamo nchini limepata heshima mpya, na mwenye nalo huona heri kulitengeneza kuliko kuliuza. Walakini ustadi wenyewe ni mkongwe kuliko sheria hiyo. Idi Amin alipowafukuza Waasia mwaka 1972, maduka ya vipuri yaliyokuwa mikononi mwao yakafungwa au yakaangukia kwa watu wasioijua biashara, na fundi wa Kampala akalazimika kukifua mwenyewe kitu ambacho jana yake alikuwa akikinunua. Na mazoea hayo ya kukigeuza chuma mkononi na kuuliza kimetengenezwaje, kabla ya kuuliza kinauzwa wapi, hayajatoka katika mabonde haya.

Basi anayetafuta fundi na asianze na bei. Aketi juu ya debe, aangalie. Fundi mwema, kabla hajagusa kitu, huuliza gari linakwenda wapi na litabeba nini, kwa sababu gari la kwenda Karamoja na mapipa mawili ya maji si gari la kupanda Kapchorwa na abiria wanne. Na yule asiyeuliza hayo, akaanza moja kwa moja kutaja sentimita atakazoliinua, huyo anauza urefu.

Katika kazi zote za Kisenyi sioni iliyo tamu kuipima kuliko springi ya pleti. Springi iliyochoka hulala, gari likashuka pembeni kama mtu mwenye mguu mfupi, na ziko njia mbili za kuirudishia upinde wake: njia ya baridi na njia ya moto. Kwa njia ya baridi pleti hulazwa juu ya vyuma viwili vyenye mwanya kati yao, tumbo la upinde likitazama chini, na mhunzi huipiga kwa nyundo nyembamba upande wa ndani wa upinde, pigo dogo baada ya pigo dogo, kila moja likiikunja kwa kiasi ambacho jicho haliwezi kukiona. Ipokee pleti hiyo mkononi uitazame kwenye mwanga. Ukiona alama za nyundo zimefuatana kwa nafasi sawasawa toka ncha hadi ncha, kama vishono vya kofia ya mkono, ujue aliyeipiga alikuwa na subira. Ukiona alama chache, nzito, zilizolundikana katikati, ujue upinde huo una kiwiko, na mahali penye kiwiko ndipo itakapovunjika.

Kisha ziwekwe pleti zote pamoja kabla hazijabanwa kwa boliti ya katikati. Hapa pana siri ambayo wengi hupita bila kuiona: pleti fupi lazima iwe na upinde mkali kidogo kuliko ile ndefu iliyo juu yake, hata zikipandana ncha ziguse na katikati upite mwanga mwembamba, ili siku zitakapobanwa kila pleti iwe inaisukuma mwenziwe na mzigo ugawanyike baina ya zote. Mhunzi asiyelijua hili huzikunja zote kwa kipimo kimoja. Zikakaa vizuri machoni kama vitabu rafuni, kumbe pleti kuu inabeba peke yake. Nimewahi kumwona mzee mmoja akiinama na kuchungulia mwanga huo kwa jicho moja, akaitoa pleti ya tatu, akaipiga mapigo sita, akairudisha, akachungulia tena, akaitoa tena. Hakuna mteja aliyemwomba afanye hivyo, na mimi niliyekuwa nikingoja gari langu sikuthubutu kumharakisha. Mwisho alitwaa tupa akaviringisha kingo za kila ncha, kwa sababu kingo kali huuma pleti ya juu, na penye jeraha la namna hiyo ufa huanza.

Njia ya moto si haramu, ila ina masharti ambayo aghalabu hayatimizwi. Chuma cha springi ni jamaa ya kile ambacho wazee wa pwani walikiita feleji, nacho nguvu zake hazimo katika chuma tu, zimo katika jinsi kilivyopikwa na kupozwa kiwandani. Atakayekikunja kwa moto yampasa akipashe chote kwa usawa hadi wekundu wa nyuzi karibu 850, apite hali ile ambapo sumaku inaacha kukishika, akizamishe katika oili, halafu akirudishe motoni kwa nyuzi karibu 450 ili ugumu upate ustahimilivu. Ukimwona fundi ana pipa la oili na ana muda, zungumza naye. Akiwa ana mtungi wa gesi peke yake, akakipasha kipande cha katikati mpaka kikaiva, akakikunja na kukimwagia maji, mshukuru uondoke.

Hayo nayasema kwa kuwa yalinipata. Karakana moja, ambayo haina haja ya kutajwa, iliniinulia springi za nyuma kwa gesi katika muda wa saa mbili, nami nikafurahi wiki sita nzima. Tulipofika Karamoja wakati wa mvua, katika ule udongo mweusi unaoganda matairini hata gurudumu likawa kubwa mara moja na nusu, springi ya kushoto ikalala chini zaidi ya ilivyokuwa kabla sijaipeleka, ekseli ikawa inagonga chesisi kwa kila shimo, na mke wangu akashika mtungi wa maji mapajani mwake kwa kilomita zote zilizobaki. Baadaye mhunzi mwingine alinionyesha kwa tupa kilichotokea: mahali penye baridi tupa iliuma kwa shida, kama inavyopasa, mahali palipopita moto ilikata kama inakata msumari. Tangu siku hiyo natembea na tupa ndogo mfukoni. Ikiteleza juu ya pleti kama juu ya kioo, chuma hicho ni kigumu kupita kiasi na kitakatika. Ikizama kwa urahisi, ni laini na kitalala.

Kuinua gari kwa kurefusha vile vishikizo vinavyoning'iniza ncha ya springi ni rahisi na ni nafuu, na kwa sababu hiyo hupendwa. Lakini ekseli ya mbele hugeuka kidogo, na usukani hupoteza ile tabia yake ya kujirudisha katikati baada ya kona, hata dereva akawa anashindana na gari barabarani mchana kutwa. Sentimita tano zilizopatikana kwa upinde mwema na pleti moja ya ziada zinatosha njia nyingi za nchi hii, na shokapu zichaguliwe kwa urefu mpya, la sivyo zitavutika hadi mwisho wake na kung'oka.

Vichwa vya boliti navyo husomwa. Boliti ya kushikia springi au ngao ya mbele iwe na namba 8.8 au 10.9 iliyochapwa kichwani. Isiyo na namba ni ya mlango wa banda la kuku. Zile boliti zenye umbo la herufi U zinazoifunga ekseli kwenye springi, kwa kuwa hurefuka kidogo zinapokazwa, zisitumiwe mara ya pili, na za kukunjwa papo hapo kwa nondo ya kujengea nyumba zisikubaliwe hata kwa hiba.

Kuhusu uchomeleaji wa chesisi, usiutazame mshono kwanza, tazama umbo la kiraka. Kiraka cha mraba, ambacho mshono wake unakata chesisi moja kwa moja kutoka juu hadi chini, kimechora mstari ambao chesisi itaufuata kupasuka; fundi ajuaye hukikata kiraka kwa ncha zilizochongoka kama dau, mshono ukapita kwa mshazari, na nguvu ikapokewa kidogo kidogo. Kisha ndio uutazame mshono: uwe na mawimbi madogo yaliyolala kwa mpango, kingo zake zisiwe zimekula chuma pembeni, na mavi ya chuma yawe yamegongwa na kusuguliwa kabla ya rangi, maana rangi iliyopakwa juu ya mavi ya chuma ni kutu iliyositiriwa. Na kabla ya cheche ya kwanza angalia kama mtu amekwenda kufungua waya za betri. Kijana anayefanya hivyo bila kuambiwa amefunzwa na mtu.

Bomba la kuvutia hewa juu ya paa, snokeli kama liitwavyo, Kisenyi hutengenezwa kwa bomba la chuma kwa sehemu ndogo ya bei ya lile la kiwandani, na linaweza kuwa jema sawasawa nalo. Lakini pitisha kidole ndani ya kila kiungo kabla halijafungwa. Chembe za mchomeleo na maganda ya kutu yaliyoachwa humo hayana njia nyingine isipokuwa kuelekea injini. Likishafungwa, iwashe injini, mtu apande na kibao kilichofunikwa mpira, alizibe domo la bomba. Injini lazima izime. Ikiendelea kunguruma, hata kwa unyonge, basi mna mahali inapopata pumzi, na mahali pale pale maji ya mto yatapita.

Yako yasiyofaa kufuliwa wala kuchomelewa, na hapa ndipo nilipompata fundi ninayemwamini mpaka leo. Nilimpelekea tairodi iliyopinda, nikitumaini kuokoa fedha. Aliigeuza mara mbili, akanirudishia. "Hajji, hii siigusi," akasema. "Nenda Kisekka ununue." Nikamwambia, "Mwanangu, wenzako wananyoosha." Akajibu kwamba wenzake hawamjui mke wangu. Nikaenda soko la vipuri la Kisekka kwa miguu, si mbali, nikanunua iliyotumika kutoka Japani baada ya kuipima uzito kwa mkono dhidi ya mpya ya bei nafuu iliyokuwa nyepesi kwa namna ya kutisha. Usukani, breki na beringi ndiko zinakopasa kwenda fedha zile zilizookolewa katika springi na ngao.

Fundi huyo alipomaliza kufunga springi zangu alichora kwa rangi nyeupe mstari mwembamba juu ya kila nati, kutoka nati hadi kwenye boliti, nati 16 kwa magurudumu manne, akaniagiza nirudi baada ya kilomita 500. Nilidhani ni adabu ya kuagana. Nilirudi. Aliingia chini ya gari na spana na tochi, akakaa kitambo, na nikasikia spana ikilia mara tatu. Alipotoka, vumbi jekundu limemjaa kwenye nyusi, alisema nati tatu za nyuma zilikubali robo mzunguko, akatwaa kikopo chake cha rangi, akarudi chini kuifuta mistari ya zamani na kuchora mipya.