Longonot: hesabu hufanywa ukingoni, si kileleni

Kwenye karatasi Mlima Longonot hauogopeshi. Lango la hifadhi liko karibu mita 2,150 juu ya usawa wa bahari, na Kilele Ngamia, ncha yake ya juu kabisa, kiko mita 2,776. Tofauti haifiki mita 650. Njia haihitaji kamba, hema wala mpagazi, na kutoka Nairobi ni mwendo wa yapata kilomita 90 kupitia Mai Mahiu. Ndiyo maana kila wikendi utakuta vikundi vya ofisi, vya kanisa na vya chuo vimeshuka langoni saa nne au saa tano asubuhi, vikicheka, kila mtu na chupa ya nusu lita mkononi. Kufikia saa tisa alasiri kicheko kimeisha.

Watu hao si wazembe. Wamepanga safari ya kwenda kileleni, ilhali umbo la Longonot linadai mpango wa namna nyingine. Milima mingi ya kupandwa kwa siku moja ina njia ya kwenda na kurudi: ukichoka unageuka, na kila hatua ya kugeuka inakupunguzia kazi. Longonot ni volkano iliyoachwa na shimo katikati, na matembezi yake ni mshale wenye pete juu yake. Kilomita 3.1 kutoka langoni hadi ukingo wa kreta, kilomita 7.2 za kuuzunguka ukingo huo, kisha zile 3.1 tena za kuteremka. Jumla inakaribia kilomita 13.5. Ndani ya pete hakuna njia ya mkato. Kuta za kreta ni wima, na chini yake ni msitu wenye matundu ya mvuke. Ukishapita nusu ya mzunguko, kurudi nyuma ni mbali kuliko kusonga mbele. Kwa hiyo uamuzi mkubwa wa siku hufanyika mahali njia inapokutana na ukingo, wakati watu bado wana nguvu na hawaoni sababu ya kuamua chochote.

Tuanze na saa. Kipimo ninachokiamini ni kile cha William Naismith, mpanda milima wa Uskoti, cha mwaka 1892: hesabu saa moja kwa kila kilomita tano, kisha ongeza saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Ukingo uko karibu mita 2,545, yaani takribani mita 400 juu ya lango. Kilomita 3.1 zinachukua dakika 37, mita 400 zinaongeza dakika 40. Jibu ni saa moja na robo, na ndivyo miguu ya kawaida inavyofanya pale. Mzunguko unatoka saa moja na dakika 50, ukihesabu mita 230 za kufikia kilele. Kuteremka, dakika 37. Ukijumlisha yote hufiki hata saa nne.

Sasa tazama kipimo hicho kinapoanzia kudanganya. Mita 230 ni tofauti kati ya ukingo na kilele tu. Ukingo wenyewe umejaa migongo na mabonde: unapanda, unapoteza ulichopanda, unapanda tena. Halafu kuna udongo. Mlima huu umejengwa na majivu na mawe mepesi ya volkano, na maji ya mvua yameichimba njia mpaka sehemu nyingine unatembea ndani ya mfereji unaofika kiunoni. Wakati wa kiangazi mfereji huo ni vumbi linaloteleza: unapiga hatua mbili, moja inarudi. Naismith alikuwa anafikiria njia za Uskoti, si majivu ya Bonde la Ufa. Mimi huuhesabu mzunguko kuwa saa tatu kwa kundi la watu mchanganyiko, na siku nzima ya mlimani kuwa saa tano hadi sita pamoja na mapumziko.

Kutoka hapo mpango hupangwa kinyumenyume. Wengi hudhani ukomo ni saa kumi na mbili jioni, lango linapofungwa. Huo ni ukomo wa askari wa hifadhi. Wa kwako uje mapema zaidi, kwa sababu ukingoni hakuna kivuli cha kutegemea, na katika misimu ya mvua mawingu ya radi hupenda kujikusanya alasiri, nawe ndiye kitu kirefu kuliko vyote kwenye mgongo ulio wazi. Tuseme kila mtu awe ametoka ukingoni saa saba mchana. Toa saa tatu za mzunguko: mzunguko uanze kabla ya saa nne asubuhi. Toa saa moja na nusu ya kupanda: muwe mmevuka lango saa mbili na nusu, na hapo hamna akiba hata kidogo. Ukitaka akiba ya saa moja na nusu, fika langoni saa moja, yaani toka Nairobi saa kumi na moja alfajiri. Lango hufunguliwa saa kumi na mbili. Malipo hufanywa kwa eCitizen, si kwa noti, na ni heri yafanywe usiku wa kuamkia safari kuliko watu kumi kusimama langoni wakitafuta mtandao.

Sharti linalofuata liandikwe na lisomwe kwa sauti kabla gari halijaondoka: atakayefika ukingoni baada ya saa nne hazunguki. Anaweza kwenda kileleni na kurudi kwa njia ileile, au akae palepale atazame kreta na Ziwa Naivasha. Bila sharti lililotangazwa mapema, hakuna kiongozi atakayemzuia bosi wake.

Hapa ndipo suala la upande linapoingia. Ukifika ukingoni ukaelekea kulia, yaani kreta ibaki mkono wako wa kushoto, unakutana na kilele kabla ya nusu ya mzunguko, kwani kiko upande wa magharibi. Mwinuko mkali unakuja mapema, miguu ikiwa mizima. Faida kubwa zaidi ni kwamba kileleni bado una hiari: ukiona mtu amezidiwa, kurudi ni karibu kuliko kuendelea. Ukielekea kushoto unaanza na sehemu nyororo, picha zinatoka vizuri, kila mtu anasifu mpango, halafu unaufikia mwinuko wa kilele jua likiwa utosini na mlango wa kurudi ukiwa umeshafungwa nyuma yako. Wapo wanaopenda hivyo. Mimi sioni sababu.

Maji ni hesabu fupi: mlimani hakuna. Lita tatu kwa mtu ni kilo tatu mgongoni, na uzito huo unapungua kadiri siku inavyokuwa ngumu. Chumvi kidogo, ndizi, viazi vitamu vya kuchemsha. Kofia pana kuliko ile ya timu ya mpira. Raba zenye meno zinatosha. Buti jipya litakutoa malengelenge. Fimbo ni ya kuteremkia, si ya kupandia, maana zile kilomita 3.1 za mwisho ndizo zinazoumiza magoti na kuteguza vifundo.

Kuhusu mpangilio wa watu, weka mwenye mwendo mdogo mbele na mwenye nguvu mkiani. Vijana hulalamika kwa nusu saa, kisha huzoea. Kundi likiachana, wa nyuma humpata wa mbele anapumzika, na anapowasili tu wa mbele huinuka aondoke. Aliyechoka ndiye asiyepumzika kamwe. Na msiende mmojammoja kwenye vichaka vya leleshwa, kwa sababu hifadhi hii ina nyati. Ulizeni askari langoni wameonekana wapi asubuhi hiyo.

Wanaotoka Mombasa wana hesabu yao. Mkazi wa Nairobi analala karibu mita 1,700 kila usiku. Wa pwani anatoka usawa wa bahari, na kupita mita 2,500 siku hiyohiyo kunaweza kumpa pumzi fupi na kichwa kizito. Na awasili Ijumaa, alale Naivasha, apande Jumamosi.