Kelele za gitaa zilivyoingia chuoni

Mwaka 1985 Seneti ya Marekani ilikaa kusikiliza malalamiko ya wazazi juu ya muziki wa vijana, na hevi metali ilikuwa miongoni mwa washtakiwa. Miaka minane baadaye muziki huo ulipata kitabu cha kitaaluma kinachoufungua noti kwa noti. Mwandishi wake, Robert Walser, alikuwa mpiga gitaa, na hilo lilimsaidia sana.

Deena Weinstein, mwanasosholojia wa Chicago, alikuwa ametangulia mwaka 1991. Yeye alichunguza watu: wanamuziki, mashabiki, mavazi, matamasha. Walser akaigeukia sauti yenyewe. Piga nyuzi mbili pamoja, moja ikitetema mara 110 kwa sekunde, nyingine 165. Amplifaya ikiwa imetulia, utasikia hizo mbili. Izidishie nguvu mpaka ikate vilele vya mawimbi, na hapo inazaliwa sauti ya tatu yenye tofauti ya zile mbili: 55. Uzi mnene kuliko yote kwenye gitaa la kawaida hutetema mara 82 hivi. Kwa hiyo gitaa limeshuka chini kuliko nyuzi zake zinavyoweza! Uzito ule unaogonga kifua una hesabu yake. Kisha Walser akaandika kwa noti vipande vya wapiga gitaa wa metali Eddie Van Halen na Randy Rhoads, akaonyesha walivyochota kwa Vivaldi na Bach. Baada ya hapo ilikuwa vigumu kwa profesa kudai kwamba hakuna cha kusoma.

Hapa kisiwani Mafia, njia ya kuchunguza watu ina mizizi. Mwanaanthropolojia Pat Caplan alianza utafiti Kanga, kaskazini mwa kisiwa, mwaka 1965, akawa anarudi kwa miongo kadhaa. Njia ya Walser ndiyo tunayoihitaji sasa, kwa muziki wa singeli unaopigwa harusini Kilindoni, spika zikifunguliwa mpaka zinakwaruza. Singeli hupita mapigo 200 kwa dakika. Lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa singeli za studio ya Sisso mwaka 2017. Mwaka 2020 ikatoa albamu ya Duma, vijana wawili wa Nairobi waliotokea kwenye metali. Lebo hiyo iliziweka sauti hizo nyumba moja. Undugu wa sauti hizo unapimika.

Mwanafunzi wa muziki wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam au Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo (TaSUBa) anayetafuta mada apande boti Nyamisati, aje na kinasa sauti kizuri, aombe ruhusa kwa wenye shughuli, arekodi karibu na spika na mbali nazo, kisha apime.