Kitabu Kilichorudi Nyumbani: "Peponi" ya Abdulrazak Gurnah

Husemwa kwamba kitabu kizuri hakizuiliwi na mpaka. Usemi huo wapendeza, lakini haukutimia. Kitabu hakivuki mpaka kwa miguu yake. Huchukuliwa, na kila akichukuaye ana lugha yake na haja yake. Abdulrazak Gurnah alizaliwa Unguja mwaka 1948, akahamia Uingereza akiwa kijana. Riwaya yake, "Paradise", ilitolewa kwa Kiingereza mwaka 1994. Mwaka 2021 alipewa Tuzo ya Nobel; na mwaka 2022 ndipo tafsiri ya Kiswahili, "Peponi", kazi ya Ida Hadjivayanis, ilipotolewa na Mkuki na Nyota, Dar es Salaam. Hadithi ya pwani na bara yetu, zama za kuingia Wadachi, ilikaa ugenini miaka 28.

Yusuf, mtoto wa miaka 12, atolewa na babake kwa tajiri Aziz kuwa rehani ya deni. Amezoea kumwita tajiri huyo kwa jina la ujamaa, hata Khalil, aliye rehani kama yeye, amkanye kwamba huyo si jamaa yake bali ni Seyyid. Kwa Kiingereza neno moja latosha kwa ndugu wa baba na ndugu wa mama. Kiswahili hakimpi mfasiri nafasi hiyo: ni lazima achague baina ya ami na mjomba, na kila neno lina haki na wajibu wake. Tena, kwa Waswahili, mtoto humwita hivyo hata mtu baki, kwa adabu tu. Kwa hiyo hila ambayo msomaji wa Kiingereza huiona kuwa ni ya Aziz peke yake, msomaji wa Kiswahili huikuta imejificha ndani ya adabu aliyofunzwa nyumbani. Hapo tafsiri yazidi asili kwa uchungu.

Vivyo hivyo bibi wa tajiri anapomtamani Yusuf. Aliyepita chuoni hahitaji kuelezwa. Kisa cha Nabii Yusuf anacho moyoni.

Lakini hasara nayo ipo. Maneno kama seyyid na mzungu, yaliyosimama katika Kiingereza bila kutafsiriwa, yalimkumbusha msomaji kwamba yeye ndiye mgeni. Katika Kiswahili maneno hayo huzama kati ya wenzao, na onyo hilo hunyamaza. Si kosa la mfasiri. Ndiyo kodi ya kurudi nyumbani.

Lisilosameheka ni kule kungoja. Mwaka 1963 Julius Nyerere alipotoa tafsiri yake ya "Julius Caesar", Kiswahili kilijichagulia chenyewe kitabu cha kukiingiza nyumbani, bila kungoja tuzo yo yote. "Peponi" yathibitisha kwamba maneno hayakukosekana wakati wo wote katika miaka ile 28. Kilichokosekana ni mwenye kuchagua. Lugha inayongoja Ulaya iipe habari za watoto wake haijavuka mpaka, imesimama mlangoni.