Porygon: kiumbe wa msimbo kwenye mashine isiyoundwa kuchora poligoni

Mchezo wa Pokémon ulipotoka Japani tarehe 27 Februari 1996, kampuni ya Game Freak ilikuwa imeweka ndani yake viumbe 151. Wa 137 katika orodha hiyo aliletwa kwa maelezo ya peke yake: kaundwa na watu, na mwili wake wote ni msimbo wa programu. Jina lake, Porygon, limetokana na poligoni, yale maumbo bapa yenye pembe ambayo kompyuta huyaunganisha hadi yakatoa kitu chenye urefu, upana na kina. Game Boy, mashine iliyobeba mchezo huo, haikuundwa kuchora poligoni hata moja.

Kulikuwa na ugumu mwingine, na huu ndio mkubwa. Ndani ya gemu hiyo kila kitu ni cha kidijitali. Pikachu ni biti, Snorlax ni biti, na miti ya msituni vilevile. Sasa utamfanyaje mtoto wa miaka kumi aamini kwamba katika hao wote ni huyu tu aliyetengenezwa kwenye kompyuta? Sentensi mbili za maelezo kwenye Pokédex, kamusi ya viumbe iliyo ndani ya mchezo, hazitoshi, kwa sababu mtoto huzisoma mara moja akaendelea na safari yake. Jibu la Game Freak, ninavyolisoma mimi, lilikaa kwenye kanuni kuliko kwenye mchoro. Porygon hupatikana kwa njia tofauti na wenzake, hupigana kwa njia tofauti, hukua kwa njia tofauti.

Mchoro nao ulifanya kazi yake. Skrini ya Game Boy ilikuwa na pikseli 160 kwa 144 na rangi nne tu, kuanzia nyeupe hadi nyeusi. Picha hujengwa kwa vigae vya pikseli 8 kwa 8, na kiumbe mkubwa kabisa anayekutazama kwenye pambano hawezi kuzidi vigae saba kwa saba, yaani baiti 784. Mchoraji mwenye rangi nne akitaka kuonyesha manyoya au ngozi ya mviringo hutaabika, maana kila mkunjo unadai kivuli chake. Uso bapa unadai rangi moja tu. Ukipaka uso mmoja mweupe, wa pembeni kijivu na wa chini mweusi, jicho lenyewe litaona kisanduku. Ndivyo Porygon alivyoonekana kama kitu cha pande nyingi ingawa kila nukta yake ilichorwa kama za wenzake wote.

Hata namna ya kuhifadhi picha hizo ilielekea upande wake. Katriji ilikuwa na nafasi finyu, kwa hiyo picha zilibanwa. Programu iligawa kila picha kuwa tabaka mbili za baiti 392, ikaandika mabadiliko kutoka nukta moja hadi nyingine badala ya nukta zenyewe, kisha mifuatano mirefu ya sifuri ikafupishwa. Mahali pasipo na mabadiliko pakawa sifuri tupu, na sifuri tupu hubanika vizuri. Kwa utaratibu wa namna hiyo, sura bapa ni rahisi kuhifadhi kuliko manyoya.

Tofauti ya kweli huanza mchezaji anapomtafuta. Kwenye matoleo ya Kiingereza ya Red na Blue, Porygon hayumo porini. Hakuna nyasi wala pango utakalozunguka ukamkuta. Yumo kwenye dirisha la zawadi la jumba la kamari katika mji wa Celadon, ana bei kama bidhaa nyingine za hapo. Katika Blue ni sarafu 6,500, katika Red ni 9,999. Hiyo namba ya pili ina sababu ya kiufundi inayonifurahisha kila nikiifikiria. Gemu ilihifadhi sarafu za mchezaji kwenye baiti mbili, kila nusu ya baiti ikibeba tarakimu moja, kwa hiyo kiasi kikubwa kabisa kinachoweza kuandikwa ni 9,999. Bei ya Porygon katika Red ndiyo mwisho wa mfuko wenyewe. Na kwa kuwa sarafu 50 ziliuzwa kwa 1,000 ya pesa za mchezo, asiyetaka kucheza kamari alihitaji karibu 200,000. Hakuna kiumbe mwingine aliyefikia bei hiyo.

Tuje kwenye pambano, ambako ndiko kuna utajiri. Porygon ni wa aina ya Kawaida, lakini anaanza na pigo liitwalo Conversion, na katika kizazi hicho cha kwanza hakuna kiumbe mwingine aliyejifunza pigo hilo. Ndani ya kumbukumbu, aina ya kiumbe ni namba tu: baiti mbili, kwa kuwa kiumbe anaweza kuwa na aina mbili. Conversion hufanya jambo jepesi kabisa. Inazichukua baiti mbili za mpinzani na kuziandika juu ya zile za Porygon. Akikutana na wa Moto, anakuwa wa Moto. Akikutana na wa Maji, anakuwa wa Maji. Amefika kwa wenye chongo, naye kavunja lake jicho. Mabadiliko yanaandikwa kwenye nakala ya pambano peke yake, kwa hiyo akirudishwa kikosini anabaki yule yule wa zamani.

Wazo ni zuri mno. Kiumbe wa msimbo anajiandika upya mbele ya macho yako, na programu inafanya kweli kile hadithi inachosema. Kwa bahati mbaya, kama silaha pigo hilo lilikuwa hafifu, na inafaa tuone kwa nini.

Kwa upande wa kujilinda, kuna faida. Moto huupunguza Moto nusu ya makali, na vivyo hivyo Maji, Majani, Umeme, Barafu, Sumu na Nguvu za Akili. Ukinakili aina ya mpinzani, mapigo yake makuu yanakupata nusu. Isipokuwa Mzimu na Joka, ambao huumizana wao kwa wao. Hapo kunakili ni kujitia kitanzini.

Kwa upande wa kushambulia, hesabu inakataa. Kanuni ya Pokémon humzidishia mshambuliaji nguvu mara 1.5 anapotumia pigo la aina yake mwenyewe. Pigo kuu la Porygon, Tri Attack, ni la Kawaida na lina nguvu 80, hivyo mikononi mwake linakuwa 120. Akishabadili aina, linarudi 80. Kwa kubadilishana anapata nyongeza kwenye mapigo ya aina ya mpinzani, yaani yale yale ambayo mpinzani mara nyingi anayapunguza kwa nusu. Chukua Alakazam, wa Nguvu za Akili. Porygon akimwiga, Psybeam yake inapanda mara 1.5 kisha inashuka nusu. Ametumia zamu nzima ili awe dhaifu zaidi, na kasi yake ya msingi ni 40 tu, kwa hiyo huenda alikuwa ameshapigwa kabla hajaanza.

Kilichonivutia ni namna Game Freak walivyorekebisha. Katika Gold na Silver, zilizotoka Japani Novemba 1999, hawakuongeza namba tu ili kuficha kasoro. Waliligawa pigo lile kuwa kazi mbili. Conversion sasa ikachagua aina kutoka kwenye mapigo ya Porygon mwenyewe, kwa hiyo nyongeza ya 1.5 inakwenda kwenye silaha aliyo nayo mkononi. Likazaliwa pia pigo jipya, Conversion 2, linalotazama pigo la mwisho lililompata na kumgeuza kuwa aina inayolistahimili. Moja la kushambulia, jingine la kujikinga. Mtu yeyote aliyewahi kuandika programu atatambua kazi hiyo: kanuni iliyobeba mambo mawili yanayopingana imetenganishwa, kila moja ikapewa nafasi yake.

Kizazi hicho hicho kilileta Porygon2, na hapa ubunifu ulifika mbali zaidi. Viumbe wengi hukua kwa kupigana na kupanda ngazi. Porygon hageuki kuwa Porygon2 kwa vita hata ukimpiganisha mwaka mzima. Lazima apewe kifaa kiitwacho Up-Grade, kinachopatikana katika kampuni ya Silph, ile ambayo kwenye hadithi ndiyo iliyomuunda, kisha apitishwe kwenye kebo hadi Game Boy ya mtu mwingine. Angalia kinachotokea ndani ya mashine. Rekodi ya kila kiumbe kwenye kikosi ilikuwa na baiti 48. Ya kwanza inasema ni kiumbe gani, ya pili inasema kashika nini. Baada ya safari ya kebo, programu inasoma ya pili; ikikuta Up-Grade, inaandika 233 mahali palipokuwa na 137, inafuta kile kifaa, na kupiga upya hesabu za nguvu zake. Toleo jipya la programu, lililosafirishwa kutoka mashine hadi mashine na kusakinishwa. Hadithi na utekelezaji ni kitu kimoja, na sijui kiumbe mwingine katika mfululizo huo ambaye mambo haya mawili yameshikana kiasi hiki.

Kuna sehemu moja ambako hadithi iliahidi kisichokuwepo. Pokédex ya mchezo wa Ruby inasema Porygon ana kinga dhidi ya kunakiliwa. Wachezaji wa Gold na Silver walikuwa wameshajua kwamba ukizima mashine wakati inahifadhi data ya sanduku la viumbe, kiumbe unayemtaka anaweza kubaki pande zote mbili, kikosini na sandukuni. Porygon alinakilika kama wengine.

Siwezi kumchambua huyu bila kutaja tarehe 16 Desemba 1997. Jioni hiyo TV Tokyo ilirusha sehemu ya 38 ya katuni ya Pokémon, hadithi yake ikiwa ndani ya kompyuta, Porygon akiwa mwenyeji. Katika mlipuko mmoja, skrini ilimetameta nyekundu na bluu takriban mara 12 kwa sekunde. Watoto wapatao 685 walipelekwa hospitali kwa magari ya wagonjwa, wengi wakiwa na dalili za kifafa na kizunguzungu. Katuni ilisimamishwa kwa miezi minne, na mashirika ya utangazaji ya Japani yakaweka miongozo ya kudhibiti mimweko. Sehemu hiyo haikurushwa tena. Mimweko ile ilitokana na umeme wa Pikachu ukilipua makombora, lakini aliyeondolewa kwenye katuni ni Porygon na ndugu zake. Naiona kuwa hukumu isiyo ya haki kwa mhusika. Somo la kiufundi, hata hivyo, lilikuwa zito na lilistahili kuchukuliwa hatua: marudio ya mwanga na rangi ni jambo la usalama wa mtazamaji.

Upande wa gemu uliendelea kumjenga. Diamond na Pearl za 2006 zilileta Porygon-Z, anayepatikana kwa kifaa cha mashaka kiitwacho Dubious Disc, naye ana miondoko ya programu iliyoharibika. Uwezo wake, Adaptability, unapandisha ile nyongeza ya 1.5 hadi 2. Porygon na Porygon2 walipata Download: wanapoingia uwanjani wanasoma kinga mbili za mpinzani, wanalinganisha, kisha wanaongeza aina ya shambulizi inayolenga ile dhaifu. Ni sharti moja tu la programu, kama hili ni dogo fanya vile, nalo limegeuzwa kuwa tabia ya kiumbe.

Kisha mwaka 2010, Black na White zikaleta Eviolite, kifaa kinachoongeza kinga zote mbili kwa asilimia 50 kwa kiumbe ambaye bado hajafika mwisho wa mageuzi. Porygon2, aliyekuwa ameachwa nyuma na Porygon-Z, akawa mmoja wa viumbe wagumu kuangusha, na katika mashindano ya 2017 alitumiwa sana. Waunda programu watalielewa hilo haraka: toleo thabiti la kati likapendwa kuliko jipya lenye nguvu nyingi na ulinzi mdogo.

Poligoni za kweli alizipata nje ya Game Boy, kwenye Pokémon Stadium ya Nintendo 64, na katika mfululizo mkuu ilibidi asubiri X na Y za 2013. Kwa mawazo yangu mabadiliko hayo hayakumwongezea kitu kikubwa. Siku viumbe wote walipoanza kujengwa kwa poligoni, mwonekano wake ukapoteza upekee, na kilichobaki kumtofautisha ni kanuni zile zile zilizoanza na baiti mbili za aina.

Ushahidi ni Porygon-Z wa Sun na Moon, 2016. Akitumia Conversion kwa nguvu ya ziada iitwayo Z, hesabu zake zote kuu zinapanda ngazi moja na aina yake inafuata pigo lililo nafasi ya kwanza kwenye orodha. Ukiweka la Umeme juu, anakuwa wa Umeme na nyongeza yake ni 2. Ukiweka la Mzimu, anakuwa Mzimu. Mpangilio wa menyu umekuwa sehemu ya mbinu. Msomaji mwenye gemu hizo ajaribu mwenyewe: apange upya mapigo ya Porygon-Z kabla ya pambano, kisha aangalie tofauti ya madhara kwa mpinzani yule yule.