Moyo na Mtani: Makaripio Mawili ya Mauti

Msafiri atokaye Morogoro mjini, akizunguka milima ya Uluguru kwa upande wa mashariki kuelekea Matombo, hupita Mkuyuni. Jina lenyewe lamkumbusha msikiaji mti wa mkuyu, ambao chini ya kivuli chake watu wa sehemu nyingi za nchi wamezoea kufanya matambiko. Dini ya Kiislamu imekwisha kukaa upande huu wa milima muda mrefu, na Matombo iko misheni ya Kikatoliki tangu mwisho wa karne ya 19. Walakini katika desturi ya Waluguru, mtu akifa, sheikh au padre si msemaji pekee msibani. Yuko mwingine mwenye haki ya kusema, naye ni mtani.

Wahakiki wa fasihi ya Kiswahili, watafutapo mawazo mazito juu ya mauti, hawaendi Uluguru, huenda Pate. Huko ndiko Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir alikotunga Al-Inkishafi, yapata mwanzo wa karne ya 19, wakati fahari ya mji ule ilipokuwa imekwisha kuanguka. Utungo huo umetukuzwa kwa haki. William Hichens aliutoa kwa kitabu mwaka 1939, na James de Vere Allen akautoa tena mwaka 1977. Wote wawili waliuona hasa kuwa ni habari ya roho ya mtu mmoja: mtunzi auita moyo wake, aukaripia kwa kupenda dunia, kisha auonyesha majumba ya Pate yaliyobaki matupu, makazi ya popo, ili upate kuogopa.

Usomaji huo si wa makosa, lakini umepungukiwa. Ukiangaliwa kwa jicho la mtu wa Mkuyuni, utungo huu waonyesha jambo jingine, nalo ni ujasiri wa kuwasema waliokufa.

Jambo hili lina mashaka yake. Mafundisho ya Kiislamu yakataza kuwatukana wafu, kwa kuwa wamekwisha kuyafikia waliyoyatanguliza. Wakristo nao hufundishwa kumwombea marehemu, wala si kumhukumu. Ndiyo maana walimu wa dini zote mbili wamepata kuutazama utani wa msibani kwa wasiwasi. Mtani huja palipo na kilio akacheka. Huigiza mwendo wa marehemu na sauti yake. Hutaja uchoyo wake, ulevi wake na madeni yake. Huweza hata kuzuia njia ya jeneza mpaka apewe chochote. Mgeni asiyejua desturi hudhani kwamba maiti imedharauliwa.

James B. Christensen, aliyechapisha makala juu ya utani wa Waluguru mwaka 1963, alieleza kwamba mzaha huo umefungamana na wajibu. Neno hilo ndilo ufunguo. Mtani si mtu wa kupita njia ambaye ameona nafasi ya kusengenya. Kwa desturi yeye ni mtu wa kazi katika mazishi, na pale wafiwa waliposhikwa na huzuni, yeye hushika yale wasiyoyaweza. Mkono wake hutumika kabla ya ulimi wake kusikilizwa. Tena hasemi kwa chuki, kwa maana ajua kuwa siku moja jamaa za marehemu watakuja kwake na kusema vivyo hivyo juu ya maiti ya kwake.

Sasa na arudi msomaji kwenye Al-Inkishafi. Mtunzi haishii kulaumu moyo wake. Aingia katika nyumba za wakubwa, ahesabu vyombo vyao vya anasa, akumbusha maringo yao, kisha auliza wako wapi. Awataja baadhi yao kwa majina, na miongoni mwa majina hayo limo la Ali bin Nasir, ambalo ndilo jina la baba wa mtunzi mwenyewe. Basi hakuwaacha hata walio wake. Je, amewatukana? La. Amewafanya kuwa ushahidi. Neno inkishafi katika Kiarabu lina maana ya kufunuka, na kazi ya mtani ni hiyo hiyo: kufunua kile ambacho sanda na adabu vimekifunika, si kwa kumdhuru aliyelala, bali kwa kuwaonya waliosimama.

Hata hivyo makaripio haya mawili hayalingani katika kila jambo, na kila moja lina upungufu wake. Katika utungo wa Pate, mshitaki na mshitakiwa ni mtu mmoja. Ajikaripiaye ajua mahali pa kupunguza fimbo, na toba ya siri haina shahidi wa kuikumbusha kesho. Mtani hana huruma ya namna hiyo, wala hadanganyiki kwa machozi. Lakini neno lake lapita upesi, na pengine kicheko chawafurahisha wasikiaji hata wakasahau kwamba wao ndio waliokuwa wakichekwa. Sayyid Abdalla aliandika, na onyo lake limeishi kwa karne mbili. Mtani asema, na onyo lake laweza lisiishi hata mwezi.

Tofauti nyingine ni ya kile kibakiacho. Huko Pate yamebaki magofu. Kwa Waluguru, ambao ukoo wao hufuata upande wa mama, jina la mkubwa hurithiwa; mathalani jina la Kingalu huko Kinole, lenye sifa ya mvua, limechukuliwa na watu wengi mmoja baada ya mwingine. Palipo na mrithi wa jina, lawama haianguki kaburini. Yuko mtu hai aisikiaye, naye atapimwa kwayo. Hapa utani wapata nguvu ambayo magofu hayana.

Basi imani pekee haikutosha kumfanya mtunzi wa Pate anyamaze juu ya wafu, wala mzaha pekee haumfanyi mtani wa Mkuyuni kuwa mpuuzi. Wote wawili wamekataa uwongo ule mwepesi usemao kwamba kila aliyekufa alikuwa mwema. Uwongo huo huwafariji wafiwa kwa siku tatu, kisha huwaacha bila fundisho. Yafaa wachunguzi wa fasihi wayaandike maneno ya watani wa Uluguru kwa uangalifu ule ule waliotumia kwa hati za Pate, pamoja na jina la ukoo wa msemaji na kazi aliyoifanya siku ile. Kwa maana bila kazi hiyo maneno yake yatasomwa kama matusi, na kumbe sivyo.